Upasuaji wa diski ya kiuno: mwongozo kwa mgonjwa wa Dodoma na ndugu zake

Mtu akirudi hospitali na majibu kwamba "diski imetoka", nyumba nzima huuliza kama atapasuliwa. Mimi ningeuliza kwanza: kinachomtesa zaidi ni kiuno au ni mguu? Upasuaji wa diski hufanywa ili kuufungua mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni, na mshipa huo maumivu yake huyapeleka mguuni. Mwenye mguu unaowaka kuliko kiuno ana matumaini makubwa ya kupona kwa kisu. Mwenye maumivu ya kiuno peke yake anaweza kupasuliwa vizuri kabisa na akabaki na maumivu yale yale. Ukilishika hilo tangu mwanzo, hutapelekwa huku na huko na kila anayekushauri.

Kiunoni tuna pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski. Nje ni pete ngumu ya nyuzi, ndani kuna kiini laini chenye maji mengi. Pete ikichanika, kiini husukumwa nje na kuugandamiza mshipa unaopita jirani. Karibu zote zinazotoka ni zile mbili za chini, na ndiyo maana kwenye majibu utaona L4/L5, yaani kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, au L5/S1, yaani kati ya pingili ya tano na mfupa wa chini yake. Kazi nzito huchangia. Wabeba magunia wa soko la Kibaigwa wanalijua hili, na madereva wa masafa marefu vilevile. Lakini umri na urithi wa familia vina nguvu sana, kwa hiyo hata karani anayeshinda ofisini Mtumba hupatwa. Mgonjwa asilaumiwe kwamba alijitakia.

Hatua ya 1: Pima mguu wako, na zijue dalili za kukimbizwa hospitali

Maumivu ya mshipa huanzia matakoni, hushuka nyuma au pembeni mwa paja, yakavuka goti hadi kwenye unyayo. Huja kama moto au shoti ya umeme, na huzidi ukikohoa, ukipiga chafya au ukijikamua chooni. Ganzi hukuonyesha mshipa ulioguswa. Ikiwa juu ya mguu na kwenye kidole gumba, mara nyingi ni mshipa wa tano wa kiuno. Ikiwa ubavuni mwa unyayo na kidole cha mwisho, ni ule unaofuata chini yake.

Lala chali, mtu akuinulie mguu ulionyooka taratibu. Ukichomwa hadi chini ya goti kabla mguu haujasimama wima, hiyo ni ishara nzuri ya mshipa kubanwa. Kisha jaribu kutembea kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukikataa, kuna udhaifu wa misuli, na daktari anapaswa kuambiwa hilo mapema kuliko kiwango cha maumivu.

Dalili hizi hazisubiri asubuhi: mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujijua, haja kubwa kupita bila kuzuilika, ganzi sehemu za siri na eneo unalokalia, au miguu yote miwili kulegea. Hapo fungu zima la mishipa ya chini ya kiuno limebanwa, na upasuaji unatakiwa haraka, ikiwezekana ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Usipitie kwa mtaalamu wa kukanda, usisubiri basi la kesho. Kama uko Chemba au Mpwapwa, nenda hospitali ya wilaya usiku huohuo na useme wazi, bila aibu: "mkojo hautoki, na huku chini sihisi kitu". Watu wazima hulificha hili kwa haya, wakaja kusema baada ya wiki. Wengine hubaki na mpira wa mkojo maisha yao yote.

Unyayo unaoburuzwa, yaani kidole gumba kisichoinuka, nao unahitaji daktari ndani ya siku chache.

Hatua ya 2: Tumia vizuri wiki sita za mwanzo

Kama hakuna dalili nilizotaja, usikimbilie kisu. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Kipande kilichotoka mara nyingi husinyaa chenyewe kwa sababu mwili hukiona kigeni na kukila kidogo kidogo. Cha kushangaza, vipande vikubwa vilivyochomoka kabisa ndivyo husinyaa zaidi.

Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Siku moja au mbili zinatosha, kisha anza kutembea, hata kama ni kuuzunguka ua mara tano asubuhi na tano jioni. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu, lakini zinachoma tumbo na kuumiza figo, na mwenye presha, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asizimeze bila kuongea na daktari. Mtindo wa kwenda duka la dawa kuchomwa sindano ya diklofenaki kila maumivu yakipanda ni wa kuacha. Maumivu yanatulia kwa muda, mshipa bado umebanwa, na figo zinalipa.

Kukandwa kwa upole na maji ya moto hakuna ubaya. Kukanyagwa mgongoni, kuvutwa kwa nguvu au "kurudishwa pingili" ni hatari, hasa kama kuna ganzi au udhaifu, maana kiini kinaweza kusukumwa zaidi. Bora umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita Jenerali, ni mahali pa kuanzia kwa waliopo mjini.

Hatua ya 3: Pata picha sahihi, na isomwe pamoja na wewe

Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi diski. Kinachohitajika ni kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu, nacho kwa Kanda ya Kati kinapatikana Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Hakitumii mionzi. Utalala ndani ya mashine yenye kelele kwa nusu saa hivi, bila kutikisika. Waambie mapema kama mwilini una chuma, kifaa cha moyo, au kama unaogopa sehemu iliyobana.

Picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu thieta. Diski zilizochakaa na kuvimba huonekana kwa watu wengi wasioumwa popote. Ukiwapiga picha watu wenye miaka 50 ambao hawana maumivu, zaidi ya nusu yao watakuwa na diski iliyovimba. Kinachotakiwa ni picha na mguu viseme jambo moja: ganzi iko mguu wa kushoto, na diski imebana mshipa wa kushoto, kwenye pingili inayolingana na ganzi hiyo. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha yenyewe. Akisema diski imetoka kulia na wewe unaumwa kushoto, uliza tena kabla ya kusaini chochote.

Kwetu huku kuna jambo la kuangaliwa kabla ya kukubali kwamba ni diski. Kifua kikuu huingia kwenye pingili za mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa. Bruselosi nayo, inayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kuhudumia mifugo inayotupa mimba, hupenda sana kiuno. Mfugaji wa Bahi au Chamwino mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito anahitaji vipimo vya magonjwa haya. Tiba yake huanza na dawa za miezi kadhaa. Mweleze daktari kuhusu ng'ombe na maziwa hata asipouliza.

Hatua ya 4: Amua, na uamue kwa sababu zinazoeleweka

Upasuaji una maana katika hali tatu: dharura ya mkojo na miguu, udhaifu wa misuli unaoongezeka, au maumivu makali ya mguu yasiyopungua baada ya wiki sita au zaidi za tiba ya kweli. Hali ya tatu ndiyo ya wengi, na ndiyo inayohitaji mazungumzo.

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwachukua wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa mguu kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipasuliwa mapema, nusu waliendelea na tiba ya kawaida wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye. Waliopasuliwa walipona haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, ingawa wagonjwa kama wanne kati ya kila kumi waliosubiri walishindwa kuvumilia na kupasuliwa hatimaye. Kwa hiyo, kama huna udhaifu wa misuli, unachokwenda kukipata thieta ni muda: miezi ya maumivu inayopunguzwa. Kwa mama mwenye watoto watatu asiyelala usiku, muda huo ni kitu kikubwa. Kwa mwingine ambaye maumivu yameanza kushuka, kusubiri ni busara. Ila usisubiri bila kikomo. Mguu ukitesa zaidi ya miezi sita hadi mwaka, matokeo ya upasuaji huanza kushuka.

Kwa mkulima, kalenda ya shamba ni sehemu ya uamuzi, na madaktari hawaiulizi mara nyingi. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Upasuaji usio wa dharura ukifanyika baada ya mavuno, mgonjwa anapata kiangazi chote cha kupona kabla ya kushika jembe. Ukifanyika Novemba, mvua za kwanza zinamkuta na mshono mbichi, na nimeona jinsi ilivyo vigumu kumzuia mtu asiende shambani wakati jirani zake wote wanapanda. Zungumza tarehe na daktari ukiwa na msimu kichwani.

Sasa hofu kubwa: "ukipasuliwa mgongo unapooza." Hofu hii imewaweka watu ndani hadi mguu umekonda, kwa hiyo nitaieleza vizuri. Uti wa mgongo wenyewe, yaani ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya mifupa, huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Diski zinazotoka kwa kawaida ziko chini zaidi, mahali ambapo pamebaki mishipa iliyotengana, inayoelea kwenye maji. Daktari hausogelei uti, anasogeza mshipa mmoja pembeni. Kupooza miguu yote ni jambo la nadra sana. Hatari zilizopo ni nyingine, nazo uzijue: utando unaofunika mishipa kuchanika na maji kuvuja, kwa wagonjwa wachache kati ya 100; uambukizo wa kidonda au diski; mshipa kujeruhiwa; damu kuganda mguuni; na diski ileile kutoka tena, jambo linalowapata kama 5 hadi 15 kati ya 100. Kwa waliochaguliwa vizuri, 80 hadi 90 kati ya 100 hupata nafuu nzuri ya mguu. Wala si upasuaji wa majaribio: William Mixter na Joseph Barr wa Boston waliuelezea mwaka 1934, na matumizi ya hadubini yakaenea tangu miaka ya 1970.

Ukiambiwa unahitaji pia vyuma na skrubu, uliza kwa nini. Diski iliyotoka mara ya kwanza, pingili zikiwa imara, kwa kawaida haihitaji vyuma. Vyuma vina mahali pake, kwa mfano pingili iliyoteleza au mgongo uliolegea, lakini gharama ni kubwa na kupona ni kurefu. Maoni ya daktari wa pili si kumkosea heshima wa kwanza.

Hatua ya 5: Rufaa, fedha na mlezi

Pata barua ya rufaa kutoka hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ubebe picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu tu. Kesi nyingine hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imewasaidia sana wagonjwa hawa, maana mtu anaweza kusimama na kunyoosha mguu njiani, tofauti na basi.

Mwenye bima aulize kabla ya kupangiwa tarehe kama kifurushi chake kinalipia MRI, upasuaji na vifaa, kimoja kimoja. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini mapema, kabla deni halijaanza kuhesabiwa. Mchague pia mlezi mmoja atakayebaki naye kwa wiki mbili za mwanzo. Walezi wanaopokezana kila siku huacha maelekezo yapotee katikati.

Hatua ya 6: Tengeneza nyumba kabla ya kwenda

Nyumba zetu nyingi zimepangwa kwa kuinama: mafiga chini, ufagio mfupi, choo cha shimo cha kuchuchumaa, ndoo kisimani. Baada ya upasuaji kuinama na kujipinda ndivyo vitu vya kuepuka kwa wiki sita.

Anza na choo. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na kuwekwa imara juu ya shimo kinatosha. Fungeni pia kamba ya kushikia ukutani. Kitanda kiwe cha urefu wa magoti, godoro lisilobonyea katikati, na pasiwe na kulala mkekani kwa sasa. Jiko liinuliwe juu ya matofali au meza, au apike mtu mwingine. Maji yachotwe na vijana wa nyumba, na mgonjwa awe na kidumu kidogo mezani. Mgonjwa Mwislamu anaruhusiwa kuswali ameketi kwenye kiti, na ni vizuri imamu au ndugu mwenye elimu amhakikishie hilo mapema, kwa sababu wengi hulazimisha kusujudu kwa wasiwasi wa moyo.

Acha sigara. Sigara huchelewesha kidonda na huharibu diski.

Hatua ya 7: Siku ya upasuaji

Utapimwa damu, sukari, figo, na moyo ikihitajika. Hospitali nyingi huomba ndugu wachangie damu, ingawa upasuaji huu kwa kawaida haumwagi damu nyingi. Taja kila dawa unayomeza. Aspirini, klopidogreli na warfarini hubadili ugandaji wa damu, na daktari ndiye aseme zisimamishwe lini. Taja na miti shamba. Usile chakula kwa saa zile utakazoelekezwa, wala uji.

Daktari atakuwekea alama ya upande. Hakikisha ni upande unaoumwa.

Wengi hupewa nusu kaputi na kulazwa kifudifudi. Eksirei hutumika kuthibitisha pingili, kisha ngozi hukatwa sentimita chache, misuli husogezwa, na kidirisha kidogo hufunguliwa kati ya mifupa. Mshipa husogezwa taratibu na kile kipande kilichotoka huondolewa. Diski yote haitolewi. Huchukua kama saa moja hadi mbili. Wengi huamka na kusema mguu umetulia, ingawa kiuno kinauma kwa sababu ya kidonda. Ganzi na udhaifu hupungua polepole, kwa wiki au miezi, na ganzi nyingine hubaki. Usikate tamaa siku ya pili kwa sababu kidole bado hakihisi.

Hatua ya 8: Kurudi nyumbani na wiki sita za kwanza

Utasimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake. Ukitoka kitandani, geuka mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mabega na nyonga vikienda sawa, kisha shusha miguu huku ukijisukuma kwa mkono.

Kama nyumbani ni Kondoa, zaidi ya kilomita 150, usipande basi siku uliyoruhusiwa. Lala kwa ndugu mjini siku chache ukiweza. Safari ikifika, tafuta gari ambalo kiti kinalala nyuma, na mshuke kutembea kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo. Bodaboda ni marufuku.

Nyumbani, tembea kila siku na uongeze kidogo. Kukaa kuwe kwa dakika 20 hadi 30, kisha simama. Usinyanyue kitu kizidi kilo mbili au tatu, na hilo linamhusisha mtoto: mama akae kwanza, mtoto aletwe mapajani. Kidonda kiwe kikavu na kisipakwe kitu chochote cha kienyeji. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14, kwenye zahanati ya karibu ikibidi. Tendo la ndoa linaweza kurudi baada ya wiki chache, kwa mkao usioukunja mgongo. Ulizeni, daktari ameshalisikia swali hilo mara nyingi.

Rudi hospitali mara moja ukiona homa, usaha, maji maangavu yakivuja kwenye mshono, kichwa kinachouma ukisimama na kutulia ukilala, mkojo kugoma, mguu kulegea upya, au shavu la mguu kuvimba na kuuma. Ukibanwa pumzi ghafla, hiyo ni dharura.

Hatua ya 9: Kurudi kazini, na maumivu yakirudi

Kazi ya mezani huwezekana baada ya wiki mbili hadi nne. Kazi nzito husubiri wiki 6 hadi 12, na mbeba magunia anapaswa kujadili kwa uaminifu kama ataweza kurudi kwenye kazi hiyo au aombe nafasi ya kupima na kuandika. Mazoezi ya misuli ya tumbo na mgongo huanza kwa maelekezo ya fiziotherapia, kwa kawaida kuanzia wiki ya pili hadi ya sita. Mkanda wa kiuno usivaliwe kutwa kwa miezi, unafanya misuli iwe mivivu. Shambani anza kwa nusu siku, jembe la mpini mrefu, na mzigo ubebwe mara mbili badala ya mara moja.

Maumivu madogo ya mguu kwa wiki chache baada ya upasuaji ni mshipa unaopona, hayaogopeshi. Mguu uliokuwa umetulia kabisa ukianza kuwaka tena ghafla, huenda diski imetoka upya. Rudi kwa daktari aliyekupasua ukiwa na picha za zamani. Atahitaji MRI nyingine, safari hii pamoja na dawa inayochomwa kwenye mshipa wa damu, kwa sababu hiyo ndiyo hutofautisha kovu na kipande kipya cha diski. Kipande kipya kinaweza kutolewa kwa upasuaji wa pili. Kovu kwa kawaida halifuatwi na kisu, linatibiwa kwa dawa na mazoezi.